Pikipiki ya koperative: mafuta yanapita mara moja tu



Kwa kawaida katika kurasa hizi tunaandika juu ya muhogo, karanga na migomba. Leo tunaandika juu ya pikipiki. Tunajua kuna watakaouliza, "Hawa maagronome wamekosa kazi?" Hapana. Ni mbegu ndizo zimetuleta hapa.

Mwezi wa 9, mvua za msimu A zikiwa zinaanza, koperative moja ya upande wa Kilembwe ilituma motari wake Baraka kuchukua mbegu za karanga. Alishuka vizuri. Akalala Baraka, asubuhi akajaza tanki kwa kadhafi wa pembeni ya barabara, akafunga magunia mawili nyuma, akaanza kurudi. Akapita Fizi. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kufika Lulimba, pikipiki ikalia kama mtu anayesaga meno, gurudumu la nyuma likajifunga lenyewe, na yeye akaenda mtaroni pamoja na magunia. Mungu alisaidia, aliumia goti tu. Lakini mbegu zilikaa siku nane kwa watu, na zilipofika Kilembwe wengine walikuwa wameshapanda mahindi katika shamba la karanga. Waliopanda karanga walipanda kwa kuchelewa, na nyinyi mnajua: karanga iliyochelewa ndiyo rozeti inaipenda, kwa sababu vidukari wanaoieneza wanakuwa wengi wakati mmea bado ni mdogo.

Ile pikipiki sisi ndio tuliitoa. Ilikuwa Yamaha AG100 ya zamani, imefanya kazi miaka mingi katika miradi, imepita kila kilima cha Fizi. Siku ya kuikabidhi tulisema, "Iko na tanki yake ya mafuta pembeni, muwe munajaza tu." Hatukusema kwamba pampu ya hayo mafuta ilishafungwa zamani na fundi wetu, na kwamba sisi wenyewe tulikuwa tunachanganya mafuta ndani ya esansi kwa mkono. Tulisahau. Esansi yenye ilikuwa ndani siku ile ilikuwa imechanganywa, kwa hiyo ikawafikisha Baraka. Ile ya kadhafi haikuwa imechanganywa. Komite walikuwa hata wanafurahi kwamba pikipiki yao haili mafuta, tanki ya pembeni imebaki imejaa tu.

Kosa lilikuwa letu, na silinda tumeitengeneza kwa gharama yetu. Lakini tulipouliza katika koperative zingine tukakuta hali inafanana: pikipiki imetoka kwa mradi, imepita mikononi mwa madereva watano au sita, na hakuna anayejua kwa hakika mafuta yanaingia kwa njia gani. Ndiyo maana ya makala haya.

Mota hii si kama ya TVS

Pikipiki nyingi zinazobeba watu leo kwetu, TVS, Haojue na ndugu zao, ziko na mota ya mapigo manne, ile mafundi wanaita katre-tan. Chini ya mota hiyo kuna bakuli la mafuta. Mafuta yanapanda, yanapaka kila kitu, yanarudi chini, yanapanda tena. Ukichelewa kuyabadilisha, yanakuwa meusi na mota inachakaa polepole, lakini bado iko na kitu cha kunywa.

Yamaha AG100, yenye silinda ya santimetre kibu 97, na dada yake DT125, ni za mapigo mawili: de-tan. Humo hakuna bakuli. Chini, pale ekseli ya mota inapozunguka, ndipo hewa na esansi vinapita kwanza kabla ya kupanda juu kwenye moto. Mafuta yanasafiri pamoja na esansi kama mvuke, yanagusa beringi, yanagusa pistoni, kisha yanaungua na kutoka kwa bomba la moshi. Yanapita mara moja tu. Yale yaliyopita dakika moja iliyopita hayarudi kusaidia dakika hii. Kama hayakuja mengine, chuma kinasugua chuma kikavu, pistoni inavimba kwa joto, na inashika ndani ya silinda.

Kwa nini basi mashirika yalinunua mashine ya namna hiyo? Kwa sababu ni nyepesi, haina valvu za kurekebisha, na fundi mwenye funguo chache anaweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga kabla ya jioni. AG100 hata sheni yake imefunikwa, tope halifiki. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa mashamba na mifugo. Ubaya wake ni moshi, na ni mlafi: mota ya de-tan yenye kabureta inatupa nje robo hivi ya esansi yake, au zaidi, bila kuiunguza. Ukiwa na hela ya kununua pikipiki mpya, hatutakushauri hii. Lakini nyinyi hamnunui, mnayo tayari. Na yenye mnayo ikitunzwa inaweza kufanya miaka mingine.

(Neno moja kwa wasomaji. Waliobaki hapa wakati wa vita wanasema esansi na buji. Waliorudi kutoka Lugufu na Nyarugusu wanasema petroli na plagi. Ni vitu vilevile, msigombane. Sisi tutasema esansi na buji.)

Kwanza jueni yenu inakunywa namna gani

Kuna njia mbili tu. Ya kwanza, mafuta ya de-tan yako katika tanki yake ndogo, pampu inayavuta yenyewe na kuyapeleka kwenye mota kwa mrija mwembamba. Kadiri unavyofungua gesi, pampu inatoa mengi. Ya pili, pampu haipo au imefungwa, na mafuta yanachanganywa ndani ya esansi kabla ya kumimina.

Usiamini maneno ya mtu, hata sisi. Fanyeni hivi: chukueni tepu au kipande cha plasta ya hospitali, mkibandike kwenye tanki ndogo ya mafuta mahali mafuta yalipofika. Kama tanki haionyeshi ndani, pimeni kwa kijiti kikavu na mkikate alama. Halafu tumieni tanki moja nzima ya esansi, lakini esansi hiyo iwe imechanganywa na mafuta, kwa usalama. Mkimaliza, angalieni alama. Mafuta yakiwa yameshuka, pampu inafanya kazi. Yakiwa palepale, pampu imekufa au imefungwa, na kuanzia siku hiyo pikipiki yenu ni ya kuchanganya. Andikeni juu ya tanki kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: CHANGANYA. Ile rangi ingetuokolea magunia mawili.

Pampu ikiwa inafanya kazi, bado kuna mtego. Tanki ndogo ikiisha kabisa, hewa inaingia ndani ya mrija. Ukijaza tena, mafuta hayafiki palepale, yanasukumana na hewa. Kwa hiyo kila mara mafuta yakiisha, au mrija ukifunguliwa, fundi atoe hewa kwa skrubu ya pampu mpaka yatoke mafuta bila mapovu, na tanki ya kwanza ya esansi ichanganywe. Angalieni pia kamba nyembamba inayotoka kwenye gesi kwenda kwa pampu. Imelegea au imekatika? Basi pampu inatoa kidogo tu, kama mota imepumzika, hata ukiwa unapanda mlima na watu wawili.

Seringi, si kifuniko

Tumeona motari anapima mafuta kwa kifuniko cha chupa. Vifuniko havilingani. Mwingine anapima kwa macho: "Mpaka rangi ibadilike." Mafuta mengine yametiwa rangi kali, tone moja linageuza litre nzima, mengine hayana rangi sana. Macho hayapimi.

Kwa daktari wa mifugo au kwenye farmasi kuna seringi ya mililitre 20. Nunueni moja, ondoeni sindano, ifungeni kwa kamba kwenye bidoni ya esansi ya koperative. Isitumike tena kwa mnyama wala kwa dawa.

Kwa pikipiki ya zamani ya kuchanganya, yenye inabeba mizigo kwenye vilima vyetu, sisi tunashauri sehemu 1 ya mafuta kwa 25 za esansi. Hiyo ni mililitre 40 kwa kila litre: seringi mbili. Chupa ya maji ya litre 1 na nusu, seringi tatu. Kibidoni cha litre 5, seringi kumi. Bidoni ya litre 20 inahitaji mililitre 800, na hapo seringi arobaini zinachosha, pimeni kwa chupa yenye alama za mililitre. Kama chupa ya mafuta yenu imeandikwa kipimo kingine, na ni mafuta mazuri ya de-tan, mnaweza kufuata 1 kwa 50, yaani seringi moja kwa litre, lakini kwa mashine iliyochoka tunaona bora kuvumilia moshi kidogo.

Mafuta yatangulie, esansi ifuate, kisha tikisa. Ukiweka mafuta mwisho juu ya tanki iliyojaa, yanashuka chini kwenye bomba na mota inakunywa mafuta matupu, halafu baadaye esansi tupu. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi msiutumie. Uliokaa wiki, tikiseni tena.

Mafuta gani? Yale yaliyoandikwa de-tan. Ukikwama njiani kabisa, mafuta ya kawaida ya mota ya katre-tan, mapya, kwa kipimo cha seringi mbili, yatakufikisha nyumbani. Yataacha masizi mengi, lakini pistoni itapona. Mafuta yaliyotolewa kwenye mota nyingine, yale meusi, hapana. Na mawese hapana. Tunalisema kwa sababu tumeulizwa zaidi ya mara moja, na swali si la kijinga: zamani mafuta ya mbarika, ule mmea unaoota hapa nyuma ya nyumba, yalitumika kweli katika mota za ndege na za mashindano, na jina la Castrol linatoka kwa jina la Kizungu la mbarika. Lakini yale yalisafishwa kiwandani, na hata hivyo yalikuwa yanaganda kama gundi. Mawese yetu yanaganda vibaya zaidi, yanafunga pete za pistoni katika mifereji yake.

Jambo lingine lenye linahusu shamba. Koperative zenye pampu ya mota ya kupulizia dawa, au msumeno wa mota, mjue kwamba hizo pia ni de-tan, na karibu zote ni za kuchanganya. Zikipewa esansi tupu zinakufa haraka kuliko pikipiki, kwa sababu zinazunguka mbio sana. Kinyume chake, ukiweka esansi iliyochanganywa ndani ya TVS, itatoa moshi na kuchafua buji, haitakufa. Kwa hiyo kama depo yenu iko na bidoni moja tu ya esansi, na kuna mashine za aina mbili, hatari yote iko upande mmoja. Tenganisheni bidoni. Na bidoni ya esansi ikae mbali na magunia ya mahindi na mbegu, kwani mvuke wake unaingia katika unga, na mbegu haziupendi. Chupa zilizokuwa na dawa za wadudu zisichukue esansi wala mafuta, ya mota au ya kula.

Esansi ya kadhafi nayo iangaliwe. Mimina kidogo ndani ya chupa nyeupe, iache itulie dakika kumi: maji yanakaa chini, utaona mstari. Kisha dondosha tone kwenye karatasi safi ya daftari. Esansi nzuri inakauka bila kuacha doa. Kama imeongezwa petroli ya taa, doa la mafuta linabaki. Usimdhanie vibaya muuzaji, pengine na yeye aliuziwa hivyo.

Mteremko unaua zaidi ya mlima

Watu wanashangaa kwamba pikipiki ya karanga ilikufa ikishuka. Mlimani mota inalia, inapata joto, lakini gesi iko wazi na mafuta yanaingia kwa wingi. Kwenye mteremko motari anafunga gesi na kuacha vitesi vizuie pikipiki. Mota inazunguka mbio, na gesi imefungwa, kwa hiyo esansi kidogo sana inaingia, na kwa mashine ya kuchanganya, mafuta kidogo sana vilevile. Joto la mlima bado liko ndani ya pistoni, ulainisho umekatika. Yule motari wetu hakuwa na mafuta kabisa, lakini hata mwenye kuchanganya vizuri anaweza kushika hapo.

Kwa hiyo kwenye mteremko mrefu, kila baada ya muda mfupi vuta ambreyaji na ufungue gesi kidogo, mota ivute pumzi moja au mbili, halafu endelea. Ukisikia mota inaanza kuwa nzito, au sauti inabadilika kuwa kavu, vuta ambreyaji palepale, usingoje. Mkono wa kushoto ukae vidole viwili juu ya ambreyaji muda wote wa kushuka. Gurudumu la nyuma linajifunga kwa sababu mota imeshika na bado imeunganishwa nalo. Ukivuta ambreyaji, utasimama ukiwa na miguu mizima.

Wengine wanazima mota kabisa na kushuka bure, kwa kuhifadhi esansi. Mota haitaharibika kwa hiyo, lakini breki zitabeba uzito wote pamoja na magunia, na breki za ngoma zikipata joto hazishiki tena. Esansi ya kujaza kikombe hailipi mguu.

Hewa ya wizi

Katika miezi ya 6, 7 na 8, vumbi jekundu liko kila mahali. Kichujio cha hewa cha hizi pikipiki mara nyingi ni sponji. Kinaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kinakamuliwa bila kukisokota, kinakaushwa kivulini. Halafu, na hapa ndipo wengi wanakosea, kinapakwa mafuta ya mota kidogo na kukamuliwa tena. Sponji kavu haizuii vumbi laini. Ni mafuta ndiyo yanashika vumbi. Wakati wa kiangazi fanyeni kila wiki mbili, wakati wa mvua kila mwezi inatosha.

Motari anayepanda upande wa Minembwe, zaidi ya metre 2000 juu, atasema pikipiki inakosa nguvu, inakohoa, buji imekuwa nyeusi. Ni kweli. Kule juu hewa ni nyepesi, esansi inakuwa nyingi kuliko hewa. Anachofanya ni kutoa sponji ili ipumue, au fundi wa kule anashusha sindano ya kabureta kupunguza esansi. Pikipiki inachangamka. Kisha anashuka Baraka, ziwani, metre 770 hivi, hewa ni nzito, na mashine yake imewekewa esansi kidogo. Sasa hewa imezidi esansi, moto unakuwa mkali kupita kiasi, na kwa mota ya kuchanganya esansi kidogo maana yake ni mafuta kidogo. Ukirekebisha kwa ajili ya mlima, rudisha kabla ya kushuka. Kama hutaki shida hiyo, usiguse, vumilia udhaifu wa saa chache.

Hewa nyingine inaingia kwa wizi kabisa: mpira unaounganisha kabureta na mota umepasuka, au kibanio chake kimelegea. Dalili ni kwamba ukifunga gesi mota inaendelea kulia juu, haitaki kutulia. Pakeni maji ya sabuni kuzunguka mpira huo mota ikiwa inalia taratibu. Sauti ikibadilika, au povu likinyonywa, mmepata tundu. Badilisheni mpira. Kufunga kwa kipande cha tyubu ni kwa kufika nyumbani tu.

Buji ndiyo shahidi

Fundi hawezi kuona ndani ya mota ikitembea, lakini buji ilikuwepo. Itoe baada ya safari, si baada ya kuwasha asubuhi. Kahawia kama kahawa iliyokaangwa vizuri: hali nzuri. Nyeusi na mbichi: mafuta au esansi imezidi, kichujio kimeziba, au ulitembea polepole mno. Nyeupe kama majivu, hata ikiwa na vitone vidogo vya chuma: simamisha pikipiki, tafuta hewa ya wizi au kosa la mafuta, usifanye hata kilomita kumi zaidi. Buji nyeupe ni onyo la mwisho, na linakuja kabla ya kushika.

Nafasi ya cheche iwe milimetre 0,6 hivi. Hamna kipimo? Nyembe 6 za kunyolea, zile nyembamba za pande mbili, zikipangwa pamoja zinafika hapo. Safisheni kwa brashi laini na esansi. Ukinunua mpya, peleka ya zamani dukani na ulinganishe namba yote, si urefu tu. Buji mbili za akiba chini ya kiti ni bei ndogo kuliko siku moja ya kusukuma.

Masizi na uzee

Mota yenye inaunguza mafuta yake inajiziba yenyewe. Masizi yanajenga juu ya pistoni, kwenye kichwa cha silinda, kwenye tundu la moshi na ndani ya bomba. Pikipiki inakuwa mvivu taratibu mpaka motari anasema imezeeka, kumbe imeziba. Kila kilomita 4000 hadi 6000, kichwa kifunguliwe. Kwanguo liwe la mwanzi au mti mgumu, si bisibisi, kwa sababu alumini ya pistoni inakwaruzika kama ndizi mbivu. Kwenye bomba la moshi, pikipiki nyingi ziko na mrija wa ndani unaotoka kwa kufungua bolti moja. Unachomwa juu ya makaa mpaka masizi yawe majivu, unagongwa, unarudishwa. Chomeni mbali na depo.

Uzee wenyewe unajulikana kwa mguu: kiki imekuwa nyepesi, na pikipiki inawaka ikiwa baridi lakini ikipata joto haitaki. Hapo pete za pistoni, zile segma, zimechakaa, labda na silinda. Segma peke yake inawezekana hapa kwetu kama silinda bado ni ya mviringo na haina mikwaruzo. Kama imechimbika, inabidi ipelekwe mahali penye mashine ya kuchonga, kwa kawaida Bukavu, na kupewa pistoni kubwa zaidi kwa milimetre 0,25 au 0,50. Nunueni pistoni kwanza, halafu silinda ichongwe kulingana nayo. Tumeona kinyume chake, silinda imechongwa na pistoni ya kuiingia haipatikani. Ikirudi, kilomita 500 za kwanza bila mzigo mzito na bila gesi ya mwisho.

Kuna ugonjwa mwingine wenye unadanganya mafundi wengi. Pande mbili za ekseli ya mota kuna mipira ya kuzuia, mafundi wanaiita spi. Ya upande wa ambreyaji ikichoka, mota inanyonya mafuta ya bwati ya vitesi: moshi mweupe mwingi, na mafuta ya bwati yanapungua bila kuvuja chini. Ya upande wa sumaku ikichoka, inanyonya hewa, na mnarudi kwenye buji nyeupe. Watu wanabadilisha pistoni mara mbili, pistoni inashika tena, wanasema ni uchawi. Ni mpira wa bei ya sahani chache za sombe. Kila silinda ikifunguliwa kwa sababu ya kushika, ombeni fundi aangalie spi zote mbili kabla ya kufunga.

Na bwati ya vitesi iko na mafuta yake, ya kawaida ya katre-tan, siyo ya de-tan. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine siku ya kuvuka mto. Yatoeni. Pikipiki ikizama na kuzimika mtoni usipige kiki palepale. Toa buji, piga kiki taratibu mpaka maji yatoke, kausha kichujio, weka mafuta kidogo ya de-tan kwa tundu la buji, kisha jaribu.

Nani anachanganya?

Katika koperative zote tulizopita, pikipiki zilizodumu ziko na kitu kimoja kinachofanana, na si fundi bora. Kuna mtu mmoja tu anayechanganya. Mahali pamoja ni mama mshika kesi, hajawahi kuendesha pikipiki maisha yake. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa bidoni na seringi. Motari akitaka esansi anakuja na daftari, mama anapima, anaandika tarehe, kilomita, litre, seringi ngapi, na nani anaondoka nayo. Motari akinunua njiani, anabeba chupa ndogo ya mafuta aliyopimiwa, na akirudi anaonyesha kama imepungua. Mwanzoni walimnung'unikia. Prezida mwenyewe alikataliwa esansi siku moja kwa sababu alikuja bila daftari, akarudi nyumbani kulichukua.

Daftari hilo pia linaonyesha mambo yenye macho hayaoni. Pikipiki iliyokuwa inakula litre 4 kufika mahali na sasa inakula 5 na nusu, inaumwa, au kuna esansi inauzwa njiani. Kwa vyovyote ni vizuri kujua.

Tutapita Kilembwe kabla ya msimu B, mwezi wa 1. Tutakuja na seringi na tepu kwa kila koperative yenye pikipiki au pampu ya de-tan, na tutafanya pamoja lile jaribio la alama kwenye tanki. Leteni pikipiki ikiwa imetoka safarini, buji isisafishwe, tuione vile ilivyo. Ile ya karanga nayo itakuwepo, imeshafanya kilomita zake 500 na imeandikwa CHANGANYA pande zote mbili.